Samaki, nyungunyungu au panya: ulinganisho wa vyakula kwa nyoka gata wa kuzalisha

Jibu fupi kwanza, kwa mwenye haraka. Nyoka gata anayetarajiwa kuzaa alishwe zaidi panya waliogandishwa kisha wakayeyushwa. Samaki wazima wasio na thiaminasi (kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1) washike nafasi ya pili. Nyungunyungu wakubwa wabaki kuwa chakula cha watoto na cha kumshawishi nyoka aliyegoma kula. Vyura, salamanda, samaki wa dhahabu na nyungunyungu wekundu wa mboji wasikaribie tangi kabisa. Yanayofuata ni sababu, vipimo, na mahali ambapo mpangilio huo hubadilika, maana hubadilika: mtoto wa siku tano halishwi kama mama yake, na kuna spishi ambazo panya hawazigusi hamu hata kidogo.

Nyoka gata, yaani jenasi Thamnophis, asili yao ni Amerika ya Kaskazini na ya Kati, kutoka Kanada hadi Kosta Rika. Hawatagi mayai, huzaa watoto hai baada ya mimba ya miezi miwili hadi mitatu, kulingana na joto. Jike wa Thamnophis sirtalis kwa kawaida huzaa watoto 10 hadi 40 kwa mkupuo. Kiini kinachowalisha watoto hao tumboni hutengenezwa baada ya jike kuamka kutoka usingizi wa baridi, kwa akiba ya mafuta aliyoingia nayo usingizini pamoja na chakula anachokula mara baada ya kuamka. Kwa hiyo upungufu wa vitamini au madini uliojificha kwa jike mzima asiyezaa hujitokeza ghafla mwaka anapobeba mimba. Mfugaji hulaumu dume, hulaumu joto, hulaumu tangi, kumbe tatizo lilianza kwenye sahani ya chakula tangu mwaka uliopita.

Samaki

Hakuna chakula ambacho nyoka gata hukipokea kwa urahisi kama samaki, na hakuna kinachowaua wengi kimyakimya kama samaki asiye sahihi. Kinachoua ni thiaminasi, kimeng'enya kinachovunja thiamini (vitamini B1). Bila thiamini, mwili hushindwa kugeuza wanga kuwa nishati, na ubongo na moyo ndivyo vinavyoanza kuumia. Nyoka anaweza kula samaki wa aina hiyo kwa wiki kadhaa akiwa mnene na mwenye ngozi nzuri, kisha siku moja akaanza kujikunja kama parafujo.

Kugandisha hakusaidii. Kimeng'enya hubaki hai ndani ya friza, huendelea kula thiamini ya samaki polepole, na huongeza kasi samaki anapoyeyuka. Joto ndilo hukiharibu: samaki akae kwenye nyuzi 80 za Selsiasi kwa dakika tano hivi, joto hilo likiwa limefika katikati ya nyama. Lakini kupika nako huharibu sehemu ya thiamini iliyokuwemo, na nyama iliyopikwa humomonyoka, na nyoka wengi huinusa tu na kuondoka. Kuchagua samaki asiye na kimeng'enya hicho tangu mwanzo ni rahisi zaidi kuliko kumpika aliye nacho.

| Epuka: wana thiaminasi | Chagua: hawana |
|---|---|
| Samaki wa dhahabu (Carassius auratus) | Gapi (Poecilia reticulata) |
| Kapu wa kawaida (Cyprinus carpio) | Trauti (Oncorhynchus mykiss) |
| Pimephales promelas, anayeuzwa hai kama samaki wa kulishia | Perege (Oreochromis) |
| Notropis atherinoides | Perca flavescens |
| Heringi wa Atlantiki (Clupea harengus) | Kodi wa Atlantiki (Gadus morhua) |
| Osmerus mordax | Lepomis macrochirus |
| Alosa pseudoharengus | Samoni wa Atlantiki (Salmo salar), kidogo kwa sababu ya mafuta |

Angalia safu ya kushoto vizuri. Samaki wa dhahabu na Pimephales ndio hasa wanaouzwa hai kwenye maduka ya wanyama kwa ajili ya kulishia, kwa hiyo mfugaji mpya huwaamini. Jina la biashara halitoshi. Ulizia jina la kisayansi. Pakiti iliyoandikwa "samaki wadogo wa fedha" inaweza kuwa na spishi moja mwezi huu na nyingine mwezi ujao. Ukishindwa kuthibitisha spishi, usinunue.

Mfano wa wazi kabisa wa madhara ya thiaminasi kwa wazazi na watoto wao hautoki kwa nyoka. Ni wa mamba wa Marekani (Alligator mississippiensis) katika ziwa Griffin, Florida, mwishoni mwa miaka ya 1990. Mamba wazima walikufa kwa wingi, mayai mengi hayakuanguliwa, na watafiti walihusisha hali hiyo na upungufu wa thiamini kwa mamba waliokula sana samaki Dorosoma cepedianum, mwenye thiaminasi nyingi. Mamba si nyoka, lakini mkondo wa tatizo ni uleule: mama anapungukiwa, na kiini kinapungukiwa pamoja naye.

Hatari ya pili ya samaki ni minofu. Minofu mitupu ya perege ina takribani miligramu 10 za kalsiamu kwa kila gramu 100, dhidi ya miligramu 170 za fosforasi. Mwili wa nyoka unahitaji kalsiamu iwe sawa na fosforasi au izidi. Jike anayejenga mifupa ya watoto 20 tumboni kwa chakula kama hicho ataichota kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Suluhisho bora ni samaki mzima, mwenye mifupa, ini na utumbo. Kama umelazimika kutumia minofu, changanya kila gramu 100 na takribani gramu 0.6 ya kalsiamu kaboneti ya unga. Asilimia 40 ya unga huo ni kalsiamu halisi, kwa hiyo kipimo hicho kinafikisha uwiano karibu 1.5 kwa 1. Usitumie unga wenye vitamini D3 kila mlo. D3 iliyozidi hurundika kalsiamu kwenye figo na mishipa.

Hatari ya tatu ni vimelea. Samaki hai wa maji baridi wanaweza kubeba minyoo ya Eustrongylides, ambayo hutoboa ukuta wa tumbo la nyoka na wakati mwingine huonekana kama vinundu chini ya ngozi. Gandisha samaki wote, hata uliowafuga mwenyewe, kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku zisizopungua saba. Friza ndogo ya juu ya jokofu mara nyingi haifiki baridi hiyo, kwa hiyo weka kipimajoto ndani. Isipofika, wacha samaki mwezi mzima, nawe ujue kwamba hata hapo huna uhakika kamili.

Kuna mambo madogo ambayo huharibu samaki mzuri. Wayeyushe ndani ya jokofu, wakiwa kwenye mfuko uliofungwa. Thiamini huyeyuka majini, kwa hiyo samaki aliyelowekwa saa tatu kwenye bakuli ameacha sehemu yake majini. Wenye mafuta mengi, kama samoni, wasikae kwenye friza zaidi ya miezi mitatu, maana mafuta yaliyochacha humaliza vitamini E mwilini na kusababisha uvimbe mgumu wa tishu za mafuta. Wenye miiba mikali ya mapezi, hasa kambare wadogo, wakatwe miiba au waachwe kabisa. Samaki wa chumvi, wa moshi au wa kopo hawana nafasi hapa.

Ukilisha samaki zaidi ya nusu ya milo, ongeza thiamini hata kama spishi ni salama, kwa kuwa kiasi kilichomo hupungua kadiri samaki anavyokaa kwenye friza. Kipimo kinachotumika kwa wanyama wanaokula samaki ni miligramu 25 hadi 30 kwa kila kilo ya samaki. Njia rahisi: saga kidonge cha miligramu 100 cha thiamini tupu, kiyeyushe katika mililita 100 za maji, na sasa kila mililita ina miligramu moja. Samaki wa gramu 10 atahitaji mililita 0.3, ichomwe kwa bomba la sindano ndani ya nyama muda mfupi kabla ya kumpa nyoka. Mwaga mabaki, maji hayo hayawekwi hadi wiki ijayo.

Nyungunyungu

Swali la kwanza si kama nyungunyungu ni chakula kizuri bali ni yupi. Nyungunyungu mkubwa wa usiku, Lumbricus terrestris, ni salama na huliwa na karibu nyoka gata wote. Yule mwekundu wa kwenye mboji, Eisenia fetida, hafai. Akiguswa hutoa majimaji ya njano yenye harufu kali, na ndani yake mna lisenini, protini inayotoboa chembe za wanyama wenye uti wa mgongo. Nyoka mkubwa mara nyingi atamtapika. Mtoto wa gramu mbili anaweza kufa.

Namna ya kuwatofautisha: Lumbricus ni mnene, urefu wake mara nyingi hupita sentimita 12 akijinyoosha, na mkia wake ni bapa kama kasia. Eisenia ni mwembamba, ana pete za rangi nyekundu na njano zinazopishana, hasa kuelekea mkiani, na huishi kwenye mboji au samadi badala ya udongo wa kawaida. Akikaribia rangi hiyo au akinuka mkononi, mwache. Nyungunyungu wa kuchimba bustanini ni salama pale tu unapojua kwamba udongo haujapuliziwa dawa ya wadudu, magugu au konokono, na hilo si wengi wanaoweza kuliapia.

Kwa lishe, nyungunyungu ana protini nzuri na mafuta machache, na hana thiaminasi ya kuhofia. Kasoro yake ni kalsiamu. Kiasi kilichomo hutegemea sana udongo uliomo tumboni mwake, na kwa jike anayezaa hakitoshi. Unaweza kuwaweka nyungunyungu saa 24 kwenye karatasi yenye unyevu ili watoe udongo, kisha uwanyunyizie kalsiamu kaboneti. Ute wao huishika vizuri. Hata hivyo, jike aliyelelewa kwa nyungunyungu pekee kwa kawaida huwa mwembamba, na jike mwembamba huzaa watoto wachache au hazai kabisa mwaka huo. Chakula hiki pia humeng'enywa haraka, kwa hiyo mkubwa anayekila atahitaji kulishwa mara mbili kwa wiki, na kinyesi ni kingi na cha majimaji.

Panya

Kitoto cha panya, hata kile kisicho na manyoya, ni mnyama mzima: mifupa, ini, moyo, na mara nyingi maziwa tumboni. Hakuna cha kuongeza wala kupiga hesabu. Hiyo ndiyo faida yake yote, na inatosha kumpa nafasi ya kwanza. Nyoka akila panya kwa ukawaida, hatari ya thiaminasi inaondoka, hitaji la thiamini ya ziada linaondoka, na vimelea wa samaki na vyura hawana njia ya kuingilia.

Uzito wa kukadiria: kitoto kisicho na manyoya gramu 1 hadi 2.5, chenye manyoya machache gramu 3 hadi 7, kinachorukaruka gramu 8 hadi 12. Mawindo yasizidi mara moja na nusu ya unene wa nyoka mahali anapokuwa mnene zaidi. Jike wa gramu 150 anatosheka na kinachorukaruka kimoja kwa wiki. Vile visivyo na manyoya vina mifupa laini yenye kalsiamu pungufu kuliko panya mkubwa kidogo, hivyo jike akiweza kumeza chenye manyoya, mpe hicho badala ya vitatu visivyo na manyoya.

Ubaya upo. Panya ana nishati nyingi, na nyoka gata ni mlafi. Atakula kila ukimpa, na jike aliyenenepa kupita kiasi huzaa vibaya kama aliyekonda: viini visivyorutubishwa, watoto wafu, au kukwama wakati wa kuzaa. Ukiona ngozi kati ya magamba hata akiwa hajala, au mkia umevimba ghafla kuanzia mkunduni, punguza milo hadi mmoja kila siku 10. Ubaya wa pili ni kwamba nyoka aliyezoea samaki au nyungunyungu hamtambui panya kama chakula. Dawa yake iko mbele. Panya hai wasitumike. Panya mwenye meno humng'ata nyoka, na waliogandishwa ni rahisi kutunza.

Vyura, salamanda na nyama za buchani

Porini nyoka gata hula vyura sana, na ndiyo sababu wengi hudhani ni chakula cha asili kisicho na ubaya. Nyoka wa porini hujaa vimelea, wakiwemo minyoo ya mapafu ya Rhabdias, na chura hai ni mojawapo ya njia za kuwaingiza. Sumu nayo ni ya kuhesabika. Salamanda Taricha granulosa wa pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini ana tetrodotoksini ya kutosha kuua watu wazima. Baadhi ya jamii za T. sirtalis wanaoishi naye wana mabadiliko kwenye milango ya sodiamu ya neva na wanaweza kumla, kisha hubaki na sumu hiyo kwenye ini kwa wiki kadhaa. Nyoka wako wa kizazi cha tangini hana sababu ya kuijaribu bahati hiyo.

Nyama ya kuku, ng'ombe, moyo wa ng'ombe: haina mifupa, na kasoro yake ni ileile ya minofu. Kombe na chaza waepukwe pia, kwani baadhi yao wana thiaminasi.

Kipi kwa hatua ipi

*Kabla ya usingizi wa baridi.* Jike aingie akiwa na mwili mzuri: mgongo umefunikwa, mbavu hazionekani. Panya ndio wanaojenga akiba hiyo vizuri zaidi. Acha kulisha siku 14 kamili kabla ya kuanza kushusha joto, huku ukiendelea kumpa sehemu yake ya joto. Panya mwenye manyoya huchukua muda mrefu zaidi kumeng'enywa kuliko samaki, na chakula kinachobaki tumboni kwenye baridi huoza na kuua. Kisha shusha polepole kwa wiki moja hadi mbili, umweke kwenye nyuzi 5 hadi 10 kwa wiki 8 hadi 12, gizani, na maji safi yawepo muda wote.

*Baada ya kuamka.* Rudisha joto kwa siku kadhaa, mahali pa kuota pafike nyuzi 29 hadi 32 na upande wa baridi ubaki 21 hadi 24. Mlo wa kwanza uwe mdogo, na hapa samaki mzima wa gapi au kipande cha trauti kinashinda panya, kwa sababu humeng'enywa kwa urahisi. Usistaajabu dume akikataa kila kitu hadi kujamiiana kumalizike. Jike asiyepandwa mwaka huo pia anaweza kuzaa, maana majike huhifadhi mbegu. Mlishe kama mwenye mimba hadi ujue vinginevyo.

*Wakati wa mimba.* Milo midogo kila siku nne au tano ni bora kuliko mlo mmoja mkubwa, kwa kuwa nafasi tumboni inapungua. Vitoto viwili vya panya visivyo na manyoya leo, samaki mdogo baadaye. Mwezi wa mwisho majike wengi huacha kula, usimlazimishe. Usibadilishe chakula katika kipindi hiki. Jike aliyezoea samaki akibeba mimba kabla hujamhamisha, endelea na samaki salama pamoja na thiamini, umhamishe baada ya kuzaa.

*Watoto.* Hapa mpangilio unapinduka na nyungunyungu anachukua nafasi ya kwanza. Watoto wa T. sirtalis huzaliwa na urefu wa sentimita 12 hadi 20, hujivua gamba mapema, mara nyingi siku ileile, na huwa tayari kula baada ya siku tatu hadi tano. Kata Lumbricus vipande vya urefu wa sentimita moja visivyo vinene kuliko shingo ya mtoto, uviweke kwenye kifuniko cha chupa. Mjongeo wa kipande kilichokatwa sasa hivi humvuta hata mtoto mwoga. Anayekataa apewe gapi mdogo kwenye sahani yenye maji ya milimita tano. Maji yasizidi hapo, na kingo zisiwe za kuteleza, kwani mtoto aliyechoka huzama.

Lisha kila mtoto peke yake. Hili ni la kufuatwa bila mzaha. Watoto wawili wakishika ncha mbili za nyungunyungu mmoja, hakuna atakayeachia, na mwenye mdomo mkubwa atammeza mwenzake pamoja na chakula. Wote wawili huweza kufa. Ukiwakuta tayari wameng'ang'ana, kata chakula katikati kwa mkasi, usiwavute. Watenge kwenye vikopo vyenye matundu, subiri nusu saa baada ya wa mwisho kumeza, futa midomo yenye harufu, ndipo uwarudishe pamoja. Wakubwa nao wanahitaji utaratibu huo.

Karatasi za jikoni ndizo matandiko bora kwa umri huu. Samaki na nyungunyungu ni wa kunata, na vipande vya mbao au mchanga vinavyogandamana navyo humezwa na kuziba utumbo. Weka kiboksi chenye kuvumwani kilicholowa, maana watoto hukauka haraka.

Kuhamisha kutoka samaki au nyungunyungu kwenda panya

Anza watoto wakishakula vizuri kwa wiki tatu. Chukua kitoto cha panya kikiwa bado kimegandaganda; kikiwa hivyo hukatika vipande safi kwa wembe, kikishayeyuka huvurugika. Kata vipande vidogo vyenye mfupa na ini ndani yake, visiwe vya mkia na miguu tu. Changanya sehemu moja ya panya na sehemu tatu za nyungunyungu, ukorogee vyote kwenye ute uleule. Mtoto mwenye njaa hachagui, humeza kinachofuata kinywa. Baada ya milo mitatu bila kutapika, nenda nusu kwa nusu, kisha sehemu tatu za panya kwa moja, kisha panya waliopakwa ute tu, mwishowe panya watupu. Watoto wengi humeza kitoto kizima wakifika miezi mitatu au minne.

Vinavyokwamisha ni vitatu. Mlishaji anarudi kwenye nyungunyungu mtoto akikataa mara moja, naye nyoka anajifunza kungoja. Mwache siku tatu, umpe tena mchanganyiko uleule. Kipande ni kikubwa mno, au mahali pa kuota joto hapafiki nyuzi 29, na mtoto anatapika. Rudisha hatua moja na upime joto kwa kipimajoto, si kwa mkono. Au chakula kimepoa sana: panya aliyechovywa kwenye maji ya uvuguvugu ndani ya mfuko mdogo hunukia zaidi. Kwa nyoka mkubwa aliyezoea samaki, sugua panya kwa trauti mbichi na umshike kwa koleo refu.

Dalili zikionekana

Mgeuze nyoka kwa upole alale chali. Mwenye afya hujigeuza papo hapo. Anayechelewa, anayekosea shabaha anapovamia chakula, anayeinua kichwa kuelekea juu bila sababu, anayetetemeka au kujipinda kama parafujo, huenda amepungukiwa thiamini. Sumu ya kuulia wadudu, joto la kupindukia na maambukizi ya ubongo hutoa picha inayofanana, kwa hiyo mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua nyoka na umweleze bila kuficha samaki gani amekuwa akila, kwa muda gani. Sindano ya thiamini mapema humrudisha nyoka kwa haraka, mara nyingine ndani ya siku moja. Aliyekaa na degedege kwa siku nyingi anaweza kupona nusu tu. Jike wa aina hiyo asipandwe hadi apite mwaka mzima kwa chakula kilichorekebishwa.

Taya laini au mgongo wenye mikunjo kwa watoto ni ishara ya kukagua kalsiamu ya mama, ingawa joto kali wakati wa mimba nalo hupinda migongo. Rundo la viini vya njano badala ya watoto huelekeza zaidi kwenye unene, au dume dhaifu, kuliko kwenye vitamini.

Spishi inaamua pia

T. marcianus na T. radix ndio rahisi kuliko wote. Wengi huvamia panya karibu tangu mwanzo, na anayeanza kuzalisha akichagua mojawapo atajipunguzia nusu ya kazi iliyoelezwa hapa. T. sirtalis anahamishika bila shida kubwa. T. saurita na T. proximus, wembamba wenye mkia mrefu, wanapenda samaki na vyura kiasi kwamba baadhi hawahami. Hao walishwe gapi na trauti wazima, thiamini kila mlo, na uwe na friza inayofika nyuzi 20 chini ya sifuri kabla hujawanunua. T. butleri na T. ordinoides ni walaji wa nyungunyungu na konokono wasio na gamba. Konokono waache, kwa sababu ya minyoo na dawa za bustani. Nyungunyungu wao wanyunyiziwe kalsiamu kila mlo jike akiwa na mimba, na mara moja kwa wiki jaribu kumpachikia kipande cha panya nyuma ya nyungunyungu anayemezwa. Baadhi watakitema miezi sita mfululizo kabla ya kukimeza kimoja.